Sifuri kwa Penseli

Kabla sijaja Kanada nilikuwa karani wa stoo ya reli, Tanga, na kazi ya karani ni kujaza fomu. Nilijaza zangu na za wenzangu. Watu walinifuata mpaka nyumbani na karatasi zao wamezikunja ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na sikuwahi kuharibu karatasi. Siri yangu ilikuwa penseli. Kwanza nilijaza kwa penseli, nikaiacha fomu siku nzima, nikaisoma tena, ndipo nikapitisha wino juu yake na kufuta. Mpaka leo nafanya hivyo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba uongo nilioandika ulinitoka kwa haraka. Niliuandika mara mbili.

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Kwenye fomu za kuomba kuhamia huku, miaka thelathini na kitu iliyopita, pale walipouliza ndugu zangu wa kuzaliwa, niliandika jina la binti yangu. Pale walipouliza watoto, niliandika sifuri.

Nieleze. Nilipokuwa kidato cha nne, msichana mmoja wa kidato cha pili alipata mimba, na mimba ilikuwa yangu. Yeye alifukuzwa shule. Mimi nilifanya mtihani. Mwaka ule hakuna aliyeniuliza swali gumu kuliko yale ya jiografia. Mtoto alipofika miezi minane, wazee wa upande wao walimleta nyumbani amefungwa kwenye khanga mpya, wakanywa chai, wakaondoka. Mama yangu alikuwa amezaa watano na kubaki na mimi. Alimpokea mtoto, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nguo, akaniambia, "Huyu ni wangu. Wewe umepata mdogo wako. Nenda kasome."

Hatukuwa sisi tu. Mtaani kwetu nyumba kama tatu zilikuwa na watoto wa namna hiyo, wanaolelewa na bibi na kumwita mama. Watu wazima wote walijua na hakuna aliyesema. Binti yangu alipofika umri wa kuanza shule akahitaji cheti cha kuzaliwa, na wazazi walioandikwa kwenye cheti ni baba yangu na mama yangu. Fomu ya kuombea cheti hicho niliijaza mimi. Ofisa wa wilaya aliisifu.

Kwa hiyo aliniita kaka. Nilipooa, mke wangu alimwita wifi, na walipendana kama mawifi wasivyopendana mara nyingi. Mke wangu na mimi hatukujaliwa mtoto. Tulikwenda hospitali, yeye akapimwa, akanywa dawa miaka minne, na kila akirudi na vidonge vipya alikuwa akiniomba radhi. Nilimwambia hana kosa. Sikumwambia nilijuaje kwamba tatizo halikuwa kwangu. Nilijiambia nanyamaza kwa kumhurumia, na kwa kuwa jambo hilo lilikuwa kweli nusu, lilinitosha miaka yote. Amekufa hajaambiwa. Hilo halina fomu.

Tulipopata nafasi ya kuja huku, binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, hajaolewa, bado anasoma. Nilikuja kujua baadaye kwamba mtoto wa umri ule angeweza kuja nasi kama angeandikwa mtoto. Nikisema nilikuja kujua baadaye, nataka nisieleweke vibaya. Maelekezo yalikuwa yameambatanishwa na fomu, kurasa nyingi, na mimi ndiye mtu wa Tanga nzima aliyekuwa akisoma maelekezo. Ukurasa ule niliupita haraka. Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka stendi, akambebea mke wangu begi. Akaniambia, "Kaka, usisahau sweta." Sweta alilifuma yeye.

Huku nilifanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, kupakua na kupanga, miaka ishirini na sita. Naishi Rexdale, pembezoni mwa Toronto, ghorofa ya kumi na moja, upande unaotazama maegesho. Kila Ijumaa asubuhi, kwao ikiwa alasiri, nilimpigia simu mdogo wangu. Nilisikia alivyopata kazi ya ualimu, alivyoolewa, alivyochelewa kupata mtoto kisha akapata mmoja, msichana. Mume alikufa kwa ajali ya barabarani mtoto akiwa darasa la kwanza. Baadaye akafa na yeye, figo. Huku watu wa msikitini walikuja kunipa pole ya dada. Pole ya dada ni nzuri, wanakaa, wanasoma dua, wanakuuliza alikuwa mkubwa kwako au mdogo. Lakini ni ndogo. Kesho yake wanakuuliza habari za mpira.

Akabaki yule msichana, mjukuu wangu, ambaye aliniita mjomba.

Alikuwa bweni, na likizo alikaa kwa mwalimu aliyefundisha na mama yake, mtu mwema mwenye watoto wake sita. Nilianza kumpigia yeye kila Ijumaa, matroni akimwachia simu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimezoea kupiga. Alikuwa na maneno. Aliwahi kuniambia, "Mjomba, ujumbe wako wa simu unaanza na 'Salamu nyingi' na unaishia na jina lako. Namba yako naiona. Najua ni wewe."

Kwenye jengo moja la mtaa wa Thorncliffe Park kuna mama wa Mombasa ambaye Jumamosi husaidia watu kujaza fomu za uhamiaji, bure, katika chumba cha mikutano cha wapangaji. Alifanya kazi hizo ofisini miaka mingi, akastaafu, akashindwa kuacha. Nilikwenda kwake na mabasi mawili na treni, na bahasha yenye vyeti vyote, na fomu niliyokwisha kuijaza kwa penseli. Aliitazama kama mtu anavyotazama mkeka mzuri.

"Mzee wangu, nani kakufunza kuandika hivi?"

"Reli."

"Basi reli ilikuwa na watu." Akapitia vyeti kimoja kimoja. "Mpwa. Yatima, wazazi wote wamekufa, vyeti vya kifo hivi hapa. Chini ya miaka kumi na minane. Hajaolewa. Hajaolewa, sivyo?"

"Yuko kidato cha tano."

"Sikuuliza kidato. Sawa. Mpwa yatima waweza kumdhamini, mjukuu yatima vilevile. Wengi huja hapa wataka kumleta binamu, shemeji, jirani, nawarudisha wakilia. Wewe yako yajijaza yenyewe." Kisha akaona tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole. "Lo. Miezi mitatu kasoro. Mzee, sikiliza vizuri. Umri watazama siku wanayopokea maombi. Yakipokelewa ana kumi na saba, hata jibu likija ana ishirini, hakuna neno. Akitimiza kumi na minane kabla hayajapokelewa, ndiyo basi. Hapo hata uje ulie hapa na sufuria ya biriani."

Tukaanza kupitia fomu, yeye akiandika kwenye kompyuta, mimi nikimsomea. Tulifika mahali.

"Watoto," akasema.

Nikavirudisha vyeti kwenye bahasha.

"Watoto, mzee. Walio hai na waliokufa. Wangapi?"

"Waliokufa pia?"

"Wataka wote."

Kwenye karatasi yangu palikuwa na sifuri ya penseli, ya duara kamili. Mara ya kwanza niliandika sifuri ile mtoto akiwa hai, ananifumia sweta. Sasa alikuwa kaburini, na fomu nyingine ilikuwa inaniuliza swali lilelile, na mkono wangu ulikuwa umejibu wenyewe kabla sijaja. Nikamwambia yule mama ninaumwa kichwa, tuendelee Jumamosi ijayo. Akasema miezi mitatu si mingi. Nikasema najua. Nikapanda treni na mabasi mawili kurudi.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza yote. Nilieleza kwa mpangilio, kama ripoti ya stoo. Alipokuwa amesikia ya kutosha alifunika kompyuta.

"Mzee wangu," akasema, "ungeninyamazia, ningeandika mpwa na leo tungemaliza. Wajua hilo?"

"Najua."

"Mjomba aruhusiwa, babu aruhusiwa. Mlango ni mmoja. Vyeti vyote vyasema mjomba. Hata wakitaka kupima mate waone vinasaba, damu ya mjomba na ya babu hazipishani sana, maabara haitakushika. Hakuna mtu duniani wa kukushika."

"Najua."

"Sasa ukisema babu, lazima uthibitishe, na vyeti vyote vyakukataa. Umevijaza mwenyewe, umevijaza vizuri. Wakiona mambo yagongana waweza kusema hakuna hata moja lililothibitika, mtoto akakosa. Na wewe waweza kuulizwa uraia wako uliupata vipi, maana uliwadanganya."

"Watanirudisha?"

"Waweza kuuliza tu. Lakini tuseme wakurudishe. Wapi?"

"Tanga."

"Kwani Tanga kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni kuzuri."

"Basi hilo si tatizo lako kubwa." Akafungua tena kompyuta. "Mimi sasa umeshanambia, siwezi kuandika mjomba. Mkono hautaki. Lakini fomu ni yako, na hapa Toronto wajazaji hawajapungua. Ukitaka mjomba, nenda kwa mwingine, mimi sitasema neno. Ukitaka babu, nitafutie mtu aliyekuwepo mtoto alipozaliwa, aape mbele ya wakili. Nani yu hai?"

Baba na mama walikuwa wamekufa. Wazee walioleta mtoto na khanga walikuwa wamekufa. Nilihesabu mpaka nikabaki na mmoja.

Mara ya mwisho nilimwona yule msichana wa kidato cha pili siku aliyokuja shule kuchukua vitabu vyake. Nilikuwa dirishani. Nilijua aliolewa Muheza, hilo tu. Ijumaa nilimwandikia mjukuu wangu: Salamu nyingi, je, kuna namna ya kumpata bibi mmoja wa Muheza, nikataja jina. Nilitegemea maswali. Namba ikaja ndani ya dakika mbili, bila swali hata moja. Sikushangaa kama ilivyonipasa.

Nilipiga kesho yake. Ilipokewa na sauti ya mwanamke mzima aliyekatizwa kazi.

"Nani?"

Nilitaja jina langu, la baba yangu na la babu yangu.

Kuku walisikika nyuma yake.

"Hujafa?"

"Bado."

"Mimi pia. Sema."

Nilisema. Nilimweleza habari ya mtoto, ya fomu, ya umri, ya kiapo na wakili. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo unataka sahihi."

"Ndiyo."

"Miaka hamsini na mbili. Nilikuwa nadhani siku ukipiga utataka msamaha."

"Nautaka pia."

"Tuanze na sahihi. Hiyo ina tarehe ya mwisho."

Nikamshukuru. Nikamwambia jambo lililo gumu kwangu ni namna ya kumweleza mtoto, kwa kuwa mama yake alikufa hajui.

"Nani hajui?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Siku ya harusi yake nilikwenda," akasema. "Sikualikwa. Niliingia na wapishi, nikakaa uani namenya vitunguu, maana ukimenya vitunguu hakuna anayekuuliza unalia nini. Mama yako akanitambua. Alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa bibi harusi, akatoka, akafunga mlango. Nikamwambia mwanangu mimi ni nani na wewe ni nani. Alikuwa na hina mkononi haijakauka, akawa ameinua mikono hivi, kama aliyekamatwa. Unajua alisema nini?"

"Sijui."

"Alisema, kaka asiambiwe kwamba najua. Ataona aibu, ataacha kupiga simu."

Niliiweka simu mezani nikaenda jikoni kuzima jiko. Jiko halikuwa limewashwa. Nilirudi, nikaikuta simu bado inaongea. Alikuwa ananiuliza wakili alipwe na nani.

Nilikaa siku nzima na jambo hilo. Baada ya harusi ile binti yangu aliishi miaka kumi na tisa, na kila Ijumaa ya miaka hiyo nilipiga na akapokea akisema "Shikamoo kaka," nami nikaitikia "Marahaba." Nilikuwa najiona natunza siri. Siri alikuwa akiitunza yeye, na alikuwa akiitunza ili mimi nisikimbie.

Ijumaa nikampigia mjukuu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nina jambo."

"La fomu, au la bibi wa Muheza?"

"Ni moja."

"Najua ni moja," akasema. "Bibi alishanipigia. Amesema utazunguka sana kabla ya kufika, nikae chini."

Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba mama yake alikuwa mwanangu, kwamba nilimwandika dada kwa hiari yangu, na kwamba kama ningemwandika mtoto, pengine angekuja kusoma huku na mambo mengi yangekwenda njia nyingine, likiwemo la yeye kuwepo au kutokuwepo. Akasema, "Basi hapo usijute sana." Halafu nikamweleza njia mbili. Nikamweleza kwamba njia ya mjomba ni nyepesi na hakuna atakayejua, na njia ya babu inaweza kumkosesha kila kitu. Nikamwambia uamuzi ni wake, kwa sababu atakayekosa ni yeye.

Nilisikia kengele ya bweni.

"Mama alipolazwa mara ya mwisho," akasema, "walimpa karatasi aandike ndugu wa karibu. Alikuwa amelala chali, mimi nikamshikia ubao wa kuandikia. Akaandika jina lako. Kwenye nafasi ya uhusiano akaiweka kalamu, akaitoa, akaiweka, akaitoa. Nesi akamwambia, mama, tuna wagonjwa wengine. Ndipo akaandika kaka." Kengele ikalia tena. "Mjomba, andika babu. Nikikosa nitabaki Tanga. Tanga si jela."

"Una hakika?"

"Nina mtihani saa kumi. Andika."

Ikabaki miezi miwili na siku chache.

Sifuri niliifuta kwa kifutio. Nilikuwa nimekandamiza penseli kwa sababu ya mazoea, kwa hiyo karatasi ilibaki na alama, duara lisilo na rangi. Juu ya alama hiyo niliandika moja. Chini yake jina lake, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa. Ilikuwa mara ya kwanza kuliandika jina lake na langu likiwa limelifuata mahali panapostahili.

Halafu ilitakiwa barua ya maelezo. Niliandika kurasa nne. Yule mama wa Mombasa alizisoma akiwa na kalamu nyekundu, zake zile za ofisini.

"Hapa umeeleza mvua."

"Ilikuwa inanyesha, siku walipomleta."

"Ofisa hahitaji mvua. Na hapa wasema, desturi ya wakati ule. Na hapa, desturi yetu. Na hapa tena. Mzee wangu, desturi ndiyo iliyoshika kalamu?"

"Hapana."

"Kwenye reli, fomu ikikosewa mlikuwa mwasema desturi?"

"Tulikuwa tunasema nani kakosea."

Akapitisha wekundu. Kurasa nne zikawa moja, na moja ikawa nusu. Katikati ya nusu hiyo zilibaki sentensi ambazo nilikuwa nimeziweka mwisho kabisa, baada ya desturi na mvua: Niliandika uongo. Nilijua ni uongo. Hakuna aliyenilazimisha. Akazitafsiri kwa Kiingereza, zikawa fupi zaidi.

Tukangoja kiapo kutoka Muheza. Wiki ya kwanza wakili alikuwa safarini. Wiki ya pili alirudi akaandika kiapo, akamwita bibi aje kutia sahihi, na bibi akakataa. Nilimpigia. Nilikuwa nahesabu siku, na nadhani sauti yangu ilionyesha.

"Ameandika niliacha shule," akasema.

"Naam?"

"Ameandika, 'alipata mimba na kuacha shule.' Mimi sikuacha. Nilifukuzwa. Nimemwambia abadilishe, anasema kwa kazi hii haina tofauti, na mhuri ameshapiga, mpaka achape upya, na mchapaji wake anakuja Jumatatu."

"Zimebaki siku ishirini na nne," nikasema.

"Nimeshahesabu. Wewe unaonaje? Haina tofauti?"

Mtu aliye upande wa pili wa simu alikuwa wa kwanza darasani kwake katika hesabu. Nilikuwa nimelisahau hilo, au niliupita ukurasa huo haraka.

"Ina tofauti," nikasema. "Ngoja Jumatatu."

Jumatatu mchapaji hakuja. Alikuja Alhamisi. Umeme ulikatika. Kiapo kilinifikia Jumanne ya wiki iliyofuata, kimepigwa picha kwenye simu, sahihi yake chini ni ya herufi zilizosimama wima, mwandiko wa shule. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Jumamosi tulituma. Tovuti ilikataa faili mara mbili kwa kuwa lilikuwa kubwa, mama wa Mombasa akalikatakata kama nyama ya mishikaki, likapita. Zilikuwa zimebaki siku saba. Jumatatu ikaja barua ya kompyuta yenye namba, kwamba maombi yamepokelewa. Nilimpigia yule mama kumshukuru. Akasema nisimshukuru yeye, nimshukuru mchapaji kwa kuwa hakuugua.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja hakuna hadithi. Walitaka tupime mate. Mimi nilipima huku, mtoto akasafiri mpaka Dar es Salaam, na majibu yakasema matokeo hayapingani na udugu uliodaiwa. Maneno hayo niliyasoma mara nyingi. Yangesema hivyohivyo kama ningeandika mjomba. Kisha ikaja barua ikiniuliza kwa nini maelezo yangu ya sasa yanatofautiana na ya zamani. Nikajibu kwamba ya zamani yalikuwa uongo, tazama barua iliyoambatanishwa. Yakapita majira ya baridi mawili. Kuhusu uraia wangu hawajauliza. Wakiuliza nina majibu tayari kwenye bahasha, kwa wino.

Mwaka mmoja na miezi saba baada ya kutuma, viza ilitoka.

Nilikwenda kumpokea na koti la mke wangu, ambalo sikuwa nimeligawa. Alitoka akisukuma mizigo, mrefu kuliko kwenye simu. Ana paji la uso la mama yake, na namna ya kutazama ya bibi yake, yule mwenye kuku. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno moja. Siku kadhaa nilikuwa nikifikiri atalitamka vipi, nami nitaitikia vipi.

"Shikamoo mjomba," akasema.

"Marahaba."

"Samahani. Ulimi umezoea."

"Hakuna neno. Vaa koti."

Mpaka leo ananiita mjomba. Msikitini watu wanachanganyikiwa, kwa sababu mimi namtambulisha kama mjukuu na yeye ananiita mjomba palepale mbele yao, na mzee mmoja wa Zanzibar ameniuliza kwa upole kama kumbukumbu zangu ziko sawa. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama mlangoni, penye viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao pia zilikuwepo nyumba za namna hiyo. Kisha akanipa pole ya mtoto. Miaka mitatu na zaidi ilikuwa imepita tangu afe, lakini niliipokea.

Bibi wa Muheza nampigia siku hizi, si kila wiki. Habari ya msamaha niliiuliza mara moja. Akasema bado anaisoma.

Juzi tulikwenda kumwandikisha mtoto kwenye shule ya watu wazima, apate masomo anayohitaji kabla ya kuomba chuo. Ana miaka kumi na tisa, umri uleule wa mama yake aliyenisindikiza stendi. Walimpa fomu. Nikatoa penseli mfukoni nikamsogezea, na alipoiona alicheka, akachukua kalamu ya wino iliyofungwa kwa mnyororo pale mezani. Aliandika haraka, amepinda mgongo. Kuna sehemu wanauliza mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo, na uhusiano wake na mwanafunzi.

"Mjomba, namba yako inaishia na ngapi?"

Nikamtajia. Nikainama nitazame. Kwenye nafasi ya uhusiano alikuwa ameshaandika kwamba mimi ni babu yake.

"Umeandika moja kwa moja kwa wino," nikamwambia. "Bila penseli."

"Kwani itabadilika?" akasema, akageuza ukurasa.